Saa Kumi na Moja ya Nani?

Mara ya kwanza kuiona ile namba nilidhani nimechanganya tyubu. Viinitete vya panya (mimba changa kabisa) nilivyovipasha joto na vile ambavyo havikupashwa vilitoa jibu moja. Jeni ya Hspa1b, ambayo kila kitabu nilichofungua kilisema huamka seli ikiunguzwa, ilikuwa macho kabisa ndani ya viinitete vya seli mbili vilivyotulia kwenye nyuzi 37. Nikarudia wiki iliyofuata: kimya. Nikarudia tena: imeamka. Wiki ya nne sikulala vizuri.

Mchezo huo ulinila miezi kumi na mmoja. Ulinila pesa, ukanila panya wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ukanikosanisha na mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Ninauandika kwa sababu wanafunzi wawili wameniuliza mwaka huu kama kazi ya viinitete inawezekana hapa Nairobi. Inawezekana. Lakini kuna mambo hayapo kwenye kitabu, na mengine yapo kwenye kitabu ila hutayaona mpaka yakuume.

Mimi nilitoka kwa ng'ombe. Baada ya shahada ya kwanza ya udaktari wa mifugo nilizunguka Machakos na Kajiado miaka miwili, nikiwapandishia wakulima ng'ombe wa gredi kwa mbegu zilizogandishwa. Kila kiangazi lawama zilikuwa zilezile: ng'ombe amepandishwa mara tatu, hashiki, na pesa ya daktari imeliwa. Nikaja kusoma kwamba watafiti wa Florida walishaonyesha mwaka 1993 kuwa ng'ombe akipigwa na joto siku ya kwanza baada ya kupandishwa, viinitete vingi haviendelei. Likimpata kuanzia siku ya tatu, vinastahimili zaidi. Swali likanikaa kooni. Kiinitete kina nini siku ya tatu ambacho hakina siku ya kwanza?

Nikaenda nalo kwa profesa aliyekubali kunisimamia. Akacheka. "Bei ya ng'ombe mmoja inanunua panya wangapi? Anza na panya."

Nieleze kidogo mambo yenyewe. Anayeyajua aruke aya hii. Protini za mshtuko wa joto, ambazo Hspa1b ni jeni ya mojawapo, kazi yao ni kukunja protini nyingine zikae umbo lake, na kuziokoa zinapoanza kuvurugika kama ute wa yai kwenye kikaango. Anayeamrisha jeni zake zinakiliwe ni protini iitwayo HSF1. Fikiria mama aliyeingia soko la Gikomba Jumamosi na mtoto mtundu. Mkono ukiwa mtupu, amemshika mtoto kifundo, haendi popote. Mzigo wa kichwani ukianza kuporomoka, anamwachia ili adake mzigo. Mtoto ndiye HSF1. Mama ni HSP90, mojawapo ya protini hizo za joto, na wenzake. Seli ikipata joto, protini zinafumuka ovyo, HSP90 inakimbilia kuzidaka, na HSF1 inabaki huru. Inaungana tatu tatu, inaenda kwenye DNA na kujishika palipoandikwa GAA kwa kurudiwarudiwa, na jeni za joto zinaanza kunakiliwa. Protini mpya zikishatosha, mikono inapatikana na mtoto anashikwa tena.

Elimu yote hii ilianzia kwenye inkubeta iliyoharibiwa joto. Ferruccio Ritossa, Mwitaliano aliyekuwa akichunguza tezi za mate za viluwiluwi vya nzi wa matunda, alikuta kromosomu zimevimba mahali ambapo hazikuwa zikivimba. Kumbe mwenzake alikuwa amepandisha joto la inkubeta. Akachapisha mwaka 1962. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kilinidanganya. Namba zangu zilipoanza kuruka, akili yangu ilikimbilia inkubeta moja kwa moja, na nadhani moyoni nilikuwa natamani kuwa Ritossa wa Nairobi.

Basi turudi mwanzo. Kabla ya kugusa panya mmoja unahitaji kibali cha kamati ya wanyama ya taasisi yako na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Hapo jipe muda, andika idadi ya panya kwa ukweli, na uongeze ya kujifunzia mkono. Mimi niliandika idadi ya mtu asiyekosea. Baadaye ilinibidi nirudi mbele ya kamati kueleza wale wa kwanza walikwenda wapi, na hakuna kikao kilichowahi kunitoa jasho kama kile.

Kazi yenyewe huenda hivi. Panya jike anadungwa homoni ya PMSG, inayotoka kwenye damu ya farasi mwenye mimba, ili mayai mengi yaive pamoja. Baada ya saa 48 anadungwa hCG, ambayo hupatikana kwenye mkojo wa wanawake wajawazito, ili mayai yatoke. Usiku huo analala na dume. Asubuhi unamkagua uke: ukiona kizibo cheupe kigumu, amepandwa. Kesho yake tena unamtoa mirija ya uzazi na kuisuuza kwa maji ya lishe kupitia sindano butu, viinitete vya seli mbili vinamwagika kwenye sahani. Kimoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Bila hadubini ni chembe ya vumbi, na pumzi yako ikikaza kidogo kwenye mpira wa pipeti kimepotea. Wiki tatu za mwanzo nilivipoteza karibu vyote. Wa kunifundisha mkono alikuwa dada mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kliniki ya kupandikiza mimba. Aliniambia nivute hewa, kisha maji, kisha hewa, kisha maji, ili tone liwe na breki. Siri hiyo ya viputo peke yake ina thamani ya muhula mzima.

Wa kutunza panya alikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye nyumba ile ya wanyama kabla mimi sijaanza shule. Sitamtaja jina. Alikuwa ananiita "daktari" kwa utani na "mwanangu" akiwa hana utani. Tuligawana zamu za sindano: wiki moja nilidunga mimi, wiki nyingine yeye, maana nilikuwa na vipindi vya kufundisha. Nikamwandikia ratiba kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani juu ya sinki. Ikumbukeni karatasi hiyo.

Saa mbili asubuhi ya siku ya kukusanya, nilikuwa nakusanya mimi. Navipumzisha viinitete saa nzima kwenye inkubeta, nusu navitia kwenye maji ya nyuzi 42 kwa nusu saa, nusu navibakisha 37, halafu vyote navivunja na kupima RNA ya Hspa1b, yaani nakala ambazo jeni hutoa ikiwa macho. Kwa hesabu yangu, vilivyopashwa vingepanda juu, visivyopashwa vingetulia.

Nilichopata nimeshakisema.

Wa kwanza kushukiwa ikawa stima. Aprili ile mvua ilinyesha ikapitiliza, na stima ilikuwa inapotea na kurudi kama mgeni asiye na haya. Inkubeta yetu ni ya zamani. Stima ikirudi inapasha kwa pupa na kupitiliza kabla ya kutulia. Nilitia kipimajoto ndani ya kikopo cha maji nikakiona kimefika 38 na nukta kadhaa huku kioo cha mlangoni kikisema 37.0. Nikasema nimemkamata mwizi. Nikashuka Luthuli Avenue, nikazunguka maduka manne, nikanunua UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea, ya shilingi 38,000, pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya karo ya muhula. Kijana wa dukani alinisaidia kuibeba hadi stage, tukagombana na kondakta kuhusu kiti, mwishowe nikailipia nauli kama mtu mzima. Kipimajoto ndani ya maji bado nakishauri kwa kila mtu, usiamini kioo cha mlangoni hata siku moja. Ila namba zangu hazikubadilika. Wiki moja juu, wiki moja chini.

Wa pili kushukiwa ikawa hewa, na hapa nilipata jambo la kweli japo halikuwa lile nililokuwa nalitafuta. Nilikuwa nimeacha viinitete vingine viendelee kukua hadi blastosisti, hatua ya mwisho kabla ya kujishika tumboni, maana nilivihitaji baadaye, na vingi vilikuwa vinakwama njiani. Maji ya lishe yana rangi inayobadilika kufuata asidi, na yangu, badala ya kuwa ya chungwa iliyoiva, yalikuwa yanaelekea waridi. Protokali zote nilizokuwa nazo zinasema kaboni dayoksaidi asilimia 5. Lakini zimeandikwa na watu wa pwani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo asilimia 5 ya hewa yetu ni kaboni pungufu kuliko asilimia 5 ya kwao. Gesi ikipungua, maji yanakosa asidi ya kutosha. Tulipopandisha hadi kama asilimia 6, tukipima pH mpaka ikae kati ya 7.2 na 7.4, rangi ikarudi na blastosisti zikaanza kuanguliwa kama kawaida. Ukiwa Nairobi, Nakuru au Eldoret usinakili namba ya gesi kutoka kitabuni. Pima pH.

Jeni ya joto ikaendelea na vituko vyake.

Wa tatu nilipaswa kumshuku wa kwanza. Kipimo cha RNA kinaanza kwa kuigeuza RNA kuwa DNA kwa kimeng'enya, kisha kuizidisha. Kama sampuli yako ina DNA ya seli yenyewe, nayo itazidishwa. Kwa jeni nyingi hilo si shida kubwa, kwa sababu jeni ina vipande vya katikati ambavyo hukatwa RNA inapotengenezwa. Unaweka vianzio vyako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kuzidisha, pande mbili za kipande hicho, na DNA chafu inajitenga kwa urefu. Lakini Hspa1a na Hspa1b hazina vipande hivyo. Hazina kabisa. RNA yake na DNA yake vina urefu uleule, mashine haiwezi kuzitofautisha. Na mimi nilikuwa siweki tyubu isiyo na kimeng'enya, ile ya kukuonyesha DNA peke yake inapiga kiasi gani. Niliiacha kwa ubahili: RNA ya kiinitete kimoja ni chini ya nanogramu moja, na kila tyubu ya ziada ilikuwa kama kumwaga maziwa. Nilipoiweka hatimaye, katika seti mbili kati ya nane ilipiga mizunguko minne tu nyuma ya sampuli. Seti hizo mbili nikazitupa. Tangu hapo naosha viinitete matone sita badala ya matatu, natia kimeng'enya cha kula DNA, na tyubu ile haikosi hata kama itanibidi nipunguze sampuli.

Tena jeni hizo mbili zinafanana karibu herufi kwa herufi, ziko jirani kwenye kromosomu ya 17, kwa hiyo vianzio visivyochaguliwa kwa makini vinapima zote mbili ukidhani unapima moja. Chagua upande wa mkiani, nje ya sehemu inayotafsiriwa kuwa protini, huko ndiko zinakotofautiana.

Seti sita zikabaki, safi. Nne zilikuwa juu bila joto, mbili kimya. Nikazipanga mezani na daftari la zamu, na hapo nikaona kitu kilichonifanya nitabasamu vibaya: zilizokuwa juu zote zilikuwa za wiki za mzee. Zilizokuwa kimya zilikuwa zangu.

Nitasema nilichofanya bila kukipaka sukari. Niliamua mzee anawasumbua panya. Nikajiambia anawashika mkia kwa nguvu, anawaacha kwenye jua la dirishani, anafungua redio. Nikamwambia Prof kabla ya kumwambia mzee mwenyewe. Prof akamwita mzee ofisini mbele yangu, akamuuliza kwa upole, lakini swali la namna hiyo likishaulizwa upole hausaidii. Mzee alinitazama mara moja tu. "Panya nimewashika miaka ishirini na sita," akasema. "Hakuna aliyewahi kunilalamikia, hata wao." Akatoka. Wiki mbili zilizofuata hakuniita daktari wala mwanangu. Alikuwa ananiita "madam".

Siku niliyojua ukweli sikuwa natafuta chochote. Ilikuwa wiki yake. Nilikuwa nimesahau sweta nyumba ya wanyama, nikarudi kuichukua jioni, jua linaelekea kuzama nyuma ya Kangemi. Nikamkuta amekaa kwenye kiti chake kifupi, amemshika panya kwa shingo vizuri kabisa, kidole cha mwisho kimebana mkia, anamdunga hCG. Polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba.

"Mzee, shikamoo. Mbona unadunga sasa hivi?"

"Marahaba, madam. Si umeandika saa kumi na moja?"

Nikageuka nikatazama ukutani. Maandishi yangu, kalamu yangu nene: *PMSG saa 11. hCG saa 11.* Protokali niliyonakili ilisema 11:00, nami nikaiandika kama ilivyo na kutanguliza neno "saa". Wiki zangu nilikuwa nadunga saa tano asubuhi, kama Mzungu alivyoandika. Wiki zake alikuwa anadunga saa kumi na moja jioni, kama Mswahili alivyosoma. Tofauti ya saa sita kamili. Na kwa kuwa sindano zote mbili zilisogea pamoja, nafasi ya saa 48 katikati haikuguswa. Panya walipandwa vizuri, vizibo vilionekana asubuhi, na nilipokusanya saa mbili vyote vilikuwa vya seli mbili. Hakuna dalili hata moja ya nje. Ila vyangu vilikuwa na saa 45 tangu hCG, vyake saa 39.

Nilikaa chini kwenye gunia la chakula cha panya. Mzee akamaliza panya wake, akamrudisha kwenye kizimba, akaandika kwenye daftari, ndipo akaniuliza kama naumwa.

Bado sikuelewa kwa nini saa sita zilete tofauti kubwa hivyo, na jibu nililipata usiku huo kwa njia ya aibu nyingine. Kwa mwaka mzima nilikuwa natafuta makala kwa jina la Hspa1b. Hilo ni jina jipya. Watu waliofanya kazi hii mwanzo waliiita HSP70.1, na jirani yake HSP70.3. Nilipoandika jina la zamani, mlango ukafunguka. Mwaka 1983, kabla sijazaliwa, Olivier Bensaude na wenzake wa Paris waliandika kwenye jarida la Nature kwamba protini za mshtuko wa joto ni miongoni mwa mazao makubwa ya kwanza kabisa ya jeni za kiinitete cha panya. Bila joto lolote. Yaani kiinitete, kinapoacha kutegemea akiba aliyoacha mama kwenye yai na kuanza kusoma DNA yake chenyewe, HSP70 ni kati ya kurasa za kwanza kinazofungua. Kwa panya hilo huanza kwa mnong'ono mwishoni mwa seli moja na kuwa sauti kamili kwenye seli mbili; kwa binadamu husubiri seli nne hadi nane, kwa ng'ombe nane hadi kumi na sita.

Na haikai wazi. Mwaka 1995 Elisabeth Christians na wenzake walionyesha kwamba HSP70.1 huwaka katika wimbi hilo la kwanza tu na kuzimwa kabla DNA haijamaliza kurudufiwa mara ya pili. Wimbi la saa chache. Mzee alikuwa ananiletea viinitete ambavyo mwangwi wa wimbi hilo ulikuwa bado mkubwa. Mimi nilikuwa najiletea vilivyokwisha kutulia. Wala haikuwa kelele, ilikuwa saa ya kiinitete inagonga, na sisi wawili tulikuwa tunaisikiliza nyakati mbili tofauti.

Kilichonisisimua zaidi ni nani anayeiwasha. Nilikuwa nimekariri HSF1 na joto, HSF1 na joto, kama dua. Kwenye kiinitete HSF1 inahusika kweli, ile aliyoiacha mama, na ina mkono katika kuiwasha HSP70.1 hata bila joto. Lakini haiko peke yake: kundi la Italia lilionyesha mwaka 2000 kwamba mwanzoni huko jeni hiyo inahitaji pia Sp1 na protini inayojishika kwenye herufi za GAGA, vitu visivyojali joto. Mwaka huohuo Christians na wenzake walionyesha kwamba panya jike asiye na HSF1 hutoa mayai, hupandwa, mayai yanarutubishwa, halafu viinitete vinakwama mwanzoni kabisa, hata baba akiwa mzima. Nililipenda jambo hili kwa namna isiyo ya kisayansi. Kinachokosekana kwa mama kinaonekana kwa mtoto kabla mtoto hajawa na seli nne.

Sasa lile swali langu la ng'ombe. Ukikipasha joto kiinitete cha panya cha seli mbili, jeni haipandi juu ya pale ilipo. Haijajua kujibu moto. Uwezo wa kujibu huja baadaye, kuelekea morula, kiinitete kikiwa tonge la seli, na blastosisti. Seli mbili ina HSP70 kwa ratiba, haina kwa dharura. Niliposhika hilo nilirudia jaribio lote kwa saa zilizoandikwa sawasawa, nikikusanya kila baada ya saa tatu. Nikaona mlima ukipanda na kushuka ndani ya seli mbili, uleule kwa vilivyopashwa na visivyopashwa. Na kwenye blastosisti, nyuzi 42 nusu saa, vilivyopashwa vikapanda mbali na wenzake. Hakuna jambo jipya humo kwa ulimwengu, wenzetu walilijua tangu miaka ya themanini na tisini. Kwangu lilikuwa jipya vya kutosha hata nikashuka ngazi mbili mbili kumwonyesha Prof kwenye simu.

Vitu viwili vya kazi kabla sijasahau. Usilinganishe na jeni za kawaida za kulinganishia kama Actb au Gapdh bila kuzijaribu, maana seli mbili ndipo RNA ya mama inapoharibiwa kwa kasi, na fimbo yako ya kupimia inapungua huku unapima. Jeni ya H2afz ilitulia zaidi kwangu, na niliongeza RNA ya kigeni ya kiasi kinachojulikana kwenye kila tyubu. La pili, hata kukaa kwenye sahani kunaipandisha HSP70.1 kuliko kukaa ndani ya panya, kwa hiyo kila kundi likae sahanini muda sawa, kwa dakika. Kimeng'enya ukikiagiza nje, lipa wakala wa forodha mapema. Changu kilikaa uwanja wa ndege mpaka barafu kavu ikaisha, na sina la kuongeza juu ya wiki hiyo.

Kumwomba mzee msamaha nilikuahirisha siku nne. Hatimaye nilienda na Prof, kwa kuwa nilimchafua mbele ya Prof. Nilikuwa nimepanga maneno, nilipofika nikayasahau, nikasema tu, "Mzee, kosa lilikuwa langu. Ni ile karatasi." Akaitazama karatasi, akanitazama, akaanza kucheka, cheko la kifua lililowaamsha panya.

"Mwanangu," akasema, "kwani ukienda kwa mama yako ukamwambia nitafika saa kumi na moja, huwa anapika lini?"

Tangu siku hiyo tunaandika saa za namba nne, 11:00 au 17:00, na pembeni mzee anachora jua au mwezi. Jua lake lina miale mingi mno. Ndani ya friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri bado kuna tyubu kumi na nne za mwaka ule, zina tarehe kwa mwandiko wangu na "saa 11" kwa mwandiko wangu, na hakuna anayeweza kusema ni ipi ya jua na ipi ya mwezi. Kila tukisafisha friji kuna anayeuliza kama tuzitupe. Namwambia aziache.